Barabara Yangu Iko Kwenye Ramani

Nina barabara ya mita tisa. Asiyeamini aje nimwonyeshe kwenye ramani, maana kwingine haionekani. Huku chini kuna kijia cha ng'ombe mmoja asiye na haraka: kulia ua wa jirani, kushoto michai ya jirani, katikati matope. Ploti yangu iko kaunti gani sisemi. Kericho na Bomet wabahatishe.

Broka aliyeniuzia aliapa kwamba kila kitu kimefuata sheria. Na kweli kilifuata. Anayetaka kukata shamba awe na ploti za kuuza hutafuta kibali cha kaunti chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019. Kisha huenda bodi ya ardhi, mwenyekiti akiwa naibu kamishna wa kaunti, mke na watoto wakisimama kuulizwa kama wamekubali. Kisha mpima ardhi huja na bikoni zake, na kipande cha barabara huachiwa umma bure. Mhuri juu ya mhuri! Ila katika mihuri yote hiyo sikuona hata mmoja wa changarawe, wala wa mtaro, wala wa kalvati.

Hata hesabu yenyewe inaniudhi. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni futi mraba 5,000. Tunaiita sehemu ya nane ya ekari, lakini sehemu ya nane halisi ni 5,445. Ukiuliza zile 445 zimekwenda wapi, broka anakujibu kwa upole: "Hizo ni za barabara, mzee." Sawa. Basi nionyeshwe hiyo barabara nikaamkie mali yangu.

Nilikwenda kwa wakubwa. Afisi ya mipango ikaniuliza, "Upana upo?" Nikasema upo, kwa karatasi. "Basi sisi tumemaliza." Afisi ya barabara ikafungua kitabu: "Hii haiko kwenye orodha yetu, kwa hivyo haina bajeti." Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti mipango ya ardhi na barabara zake pia, kazi zote mbili chini ya paa moja. Nadhani paa ni pana mno, hawajaonana.

Kinachoniuma zaidi ni majani chai. Kilima cha pili kuna kituo cha kununulia majani, na lori la kiwanda hufika pale mvua inyeshe isinyeshe. Njia yake imeinuliwa katikati, ina mitaro pande zote mbili. Nikalalamika kwa Kogo jirani, ambaye amechuma chai tangu ujana wake. Akanitazama kuanzia gambuti hadi kofia. "Majani yasipofika kiwandani leo yanaharibika," akasema. "Wewe ukichelewa unaharibika nini?"

Nasikia kaunti nyingi za Marekani humlazimisha anayegawa ardhi ajenge barabara kwanza, au aweke dhamana ya fedha, ndipo auze. Akitoroka, pesa zake zinajenga. Huku kwetu anayetoroka ni broka, na ile dhamana ni mimi na jembe langu.

Siombi lami, mimi si mbunge. Naomba kipengele kimoja tu kwenye kanuni za kaunti. Afisa yeyote atakayepiga mhuri kwenye ugawaji wa ploti, kwanza aitembee barabara hiyo mwezi wa Aprili, saa kumi jioni mvua ikishika kasi, amevaa viatu vya afisi na kubeba mtungi wa gesi begani. Akifika mlangoni kwangu na viatu vyote viwili, apige mhuri, nami nitampa chai. Akifika na kimoja, tutajua cha kuandika kwenye ile sehemu ya fomu inayoulizia upana: upana mita tisa, kina kiatu kimoja cha afisa.