Suka, Rudisha Gia

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, sisi wa Busisi hatuna tena kisingizio cha kivuko. Zamani ungeweza kula hindi la kuchoma, kugombana na mtu na kupatana naye, kivuko kingali upande wa Kigongo. Sasa kilomita tatu za maji zinavukwa kwa dakika chache, na muda huo wote tuliookoa madereva wetu wameamua kuumalizia milimani, kwa gia ya nne.

Hiace imejaa hadi mlangoni, magunia ya dagaa yako juu ya keria. Mlima unaanza. Injini inakoroma, vioo vinatetemeka, mama wa siti ya mbele keshatoa rozari. Suka amekanyaga mafuta mpaka mwisho, lakini gia haigusi.

"Suka, rudisha gia."

"Mzee wangu, ya tatu inakunywa mafuta. Tajiri anataka hesabu yake."

Presha ikanipanda. Na huo moshi mweusi anaopuliziwa bodaboda wa nyuma yetu ni uji? Ni dizeli hiyohiyo ya tajiri, imemiminwa kwenye injini isiyoweza kuiunguza yote.

Uwezo wa injini hupimwa kwa farasi, na farasi mmoja ni kuinua kilo 75 mita moja kwa sekunde: mimi hapa, pamoja na kikapu changu. Ila farasi hawa hawashindi bandani. Wanatokana na toki, yaani nguvu ya injini kusokota, mara kasi ambayo injini inazunguka nayo. Injini ikizunguka polepole, farasi wengi hawapo, hata ukanyage hadi utoboe sakafu. Gia ya tatu inawarudisha, tena inaongeza msokoto unaofika kwenye magurudumu.

Tambarare sibishani naye: gia ya juu na mzunguko mdogo ndiyo akiba. Kinachonikera ni kwamba tukifika kileleni anatia nyutro, eti anabana matumizi! Kwa injini za siku hizi zenye kompyuta, ukiteremka na gia bila kukanyaga, mafuta yanakatwa. Nyutro ndiyo inayoilazimu injini iunguze kidogo isizimike. Breki nazo zinabaki peke yao na mzigo wote. Mama wa rozari hakukosea.

Matajiri wa magari, semeni na madereva wenu: mlimani warudishe gia mapema, kabla gari halijachoka, na mteremkoni waiache gia mahali pake. Sisi abiria tumeshasema, tunajibiwa tushuke.