Shikamoo, Mzee Kuchelewa

Wengine wamsifu mwendo kasi. Mimi shikamoo yangu nampa Mzee Kuchelewa, maana ndiye aliyetuandalia wageni kuliko kamati yetu nzima, nami nikiwa katibu wake.

Ilikuwa Aprili 2010. Vijana kumi na wawili wa kujitolea kutoka Uingereza walikuwa watue KIA Ijumaa jioni, waje Moshi kupaka rangi madarasa na kutufundishia watoto. Alhamisi yake, majivu ya Eyjafjallajökull, mlima wa Iceland ambao kila mtangazaji wa redio aliutamka kwa kukohoa, yakaanza kufunga anga ya Ulaya. Safari za ndege kama 100,000 zikafutwa. Majivu ya volkano yakiingia kwenye injini ya ndege huyeyuka, kisha hugandia humo humo, na injini yaweza kuzimika. Sisi tunaoamka na Kibo kila asubuhi tuliona aibu kwa niaba ya milima yote: wetu nao ni wa moto, lakini una adabu, umelala.

Ukarimu wa mzee huyu ulianzia kwetu wenyeji. Choo cha wageni hakikuwa na mlango. Fundi alikuwa akisema "kesho" tangu Pasaka, na kwa mara ya kwanza kesho yake ikawahi: Jumatano mlango ulisimama, bawaba zote mbili, hata komeo. Wangefika kwa wakati, tungeumbuka kwa wakati. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Sisi tulipona kwa mgeni kutokuja. Na yule beberu wa ndafu, aliyenunuliwa mapema kwa uchu wa mwenyekiti, akaongezewa wiki nzima ya majani ya masika. Hakuna aliyemwona akilalamika.

Hata historia inamjua Mzee Kuchelewa. Mradi wa kwanza wa Peace Corps, shirika la Marekani la watu wa kujitolea, kutangazwa, mwaka 1961, ulikuwa wa kuja Tanganyika. Waliotangulia kuikanyaga Afrika wakaenda Ghana, tarehe 30 Agosti. Wetu walikuwa wapima ardhi na wahandisi wa barabara, nao walikuwa bado hawajafika.

Lakini turudi kwa kumi na wawili wetu. Walisubiri mpaka Jumatatu, uvumilivu ukawaishia: basi, kivuko hadi Calais, treni na mabasi mpaka Madrid ambako ndege zilikuwa zinaruka, kisha Cairo, Nairobi, na basi la kupitia Namanga. Mizigo ikapotelea huko huko, na ndani yake fulana zenye kaulimbiu na kitabu cha mwongozo wa kuishi nasi.

Kiongozi wao alikuwa ametutumia ratiba iliyokatwa nusu saa nusu saa, chai ikiwemo. Aliposhuka stendi ya Moshi alikuwa amejifunga khanga ya kuazima, nywele zimejaa vumbi, mkononi ana gunzi la hindi la kuchoma. Mama mmoja ndani ya basi alikuwa amewanunulia wote mahindi, akawafundisha kusema asante, akawasahihisha, akawarudisha darasani tena. Kabla yake kulikuwa na bibi wa Kihispania aliyewagawia mablanketi kwenye sakafu ya kituo cha treni. Watu waliotoka kwao kuja kutusaidia walikuwa wamekwisha kusaidiwa katika mabara mawili.

"Tuanze na kazi gani?" akauliza.

"Kula," akajibu mwenyekiti.

Nilijiandaa kusikia habari za ratiba. Akakaa, akanawa, akala, akaomba aongezwe. Ndizi zilikuwa zimechacha kidogo, nakiri.

Mizigo ilifika wiki ya tatu, kuta zikiwa zimekwisha kukauka. Mwongozo nikaachiwa mimi kwa kumbukumbu za ofisi. Ukurasa wa kwanza kabisa unawaonya wasafiri kwamba huku waendako, watu hawajali saa.