Hatua Sabini kwa Sabini

Suruali ilipasuka kwenye hatua ya thelathini na tisa. Haikuchanika pindoni wala mfukoni. Ilipasuka kati, kuanzia chini ya zipu hadi kwenye mkanda wa nyuma, na mlio wake ulifika mpaka kwenye mwembe walikokaa mwenyekiti wa kitongoji, mwenye shamba, mke wa mwenye shamba, dalali wangu na nusu ya watoto wa shule ya msingi waliokuwa wakirudi makwao. Ilikuwa juzi. Mpaka leo nikitaka kuinama nashika nyuma kwanza.

Pakapita kimya kifupi cha adabu. Kisha mtoto mmoja akasema kwa sauti kubwa, "Thelathini na tisa!" Wao ndio waliokabidhiwa hesabu, na hesabu haisimami kwa sababu ya suruali. Hapo mwembe wote ukaangua kicheko. Walikuwa wameshanidodosa kabila langu, wakajua mimi ni Mnyamwezi; na kati ya Mzaramo na Mnyamwezi kuna utani wa tangu enzi za misafara ya pembe, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kujizuia. Bibi mwenye shamba akavua kanga yake ya juu, akaniletea huku uso ameuelekeza kwenye mihogo. "Jifunge, mwanangu. Jua bado kali." Kanga ilikuwa nyekundu, na maandishi yake yakanikaa sawasawa makalioni: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Nikajifunga, nikamalizia hatua thelathini na moja zilizobaki.

Nilikuwa napima ekari. Kwa asiyewahi kutafuta shamba nje ya Dar es Salaam, nieleze. Huku Kisarawe, na kote nilikopita mkoani Pwani, ekari ni hatua sabini kwa sabini. Mpima ardhi ni wa wenye haraka na wenye hela. Sisi wengine twahitaji mtu mwenye miguu. Anasimama kwenye kona, anatembea akihesabu hadi sabini, panachomekwa kijiti. Anageuka, anahesabu sabini nyingine, kijiti kingine. Mpaka anarudi alikoanzia. Kipimo hiki hakitaki betri wala mtandao, na mvua ikinyesha hakiharibiki. Kina swali moja tu, ambalo muuzaji na mnunuzi wote wanalijua na hakuna anayethubutu kuanza kulitamka: miguu ya nani?

Mnunuzi anatamani apimiwe na twiga. Muuzaji ana matamanio mengine. Mzee mwenye shamba, mtu mwungwana aliyeipokea shikamoo yangu kwa mikono miwili, aligeuka akamwita mjukuu wake wa darasa la tatu. "Njoo, baba, umpimie mjomba ekari yake."

Mtoto akaja mbio, na mimi nikaanza kupiga hesabu kichwani kwa kasi ambayo sikuwahi kuwa nayo shuleni. Hatua ya mtoto yule haizidi sentimita 60. Sabini zake ni mita 42. Mita 42 kwa 42 ni mita za mraba 1,764. Ekari halisi ni mita za mraba 4,047. Yaani ningelipa bei ya ekari, nikapewa chini ya nusu yake, tena imepimwa kwa upendo.

Hesabu ile haijaniacha tangu siku hiyo. Sabini mara sabini ni 4,900. Ekari ya Mwingereza ni yadi za mraba 4,840. Tofauti ni yadi sitini tu, pa kujenga choo na banda la kuku! Maana yake hatua inayotakiwa ni yadi moja kamili, sentimita 91 na ushei, ambayo ni hatua ya mtu mzima anayewahi daladala. Mwingereza aliondoka mwaka 1961 akabeba bendera yake, yadi akaisahau mapajani mwetu. Kila mzee anayekatia watu mashamba kuanzia Kisarawe hadi Maneromango anatembea kwa kipimo cha himaya iliyokwisha kabla baadhi ya wateja wake hawajazaliwa, na akiwa mrefu, hatua yake ikagusa mita nzima, anamzawadia mnunuzi zaidi ya mita za mraba 850 bila kujua. Ugunduzi huu ulinifurahisha mno nikamweleza dalali palepale. Akasikiliza hadi mwisho. "Sawa, bosi," akasema. "Ila mimi najua kitu kimoja. Anayepima awe mtu mzima."

Nilipendekeza simu. Kuna programu unayoiwasha, unazunguka nayo shamba, inakutajia ukubwa. Mzee akaipokea, akaigeuza akaitazama mgongoni, akanirudishia. "Hii inamjua marehemu baba? Mpaka aliupanda yeye." Na mpaka ulikuwepo kweli: mstari wa mibono, ambao ulikata kona mahali ambapo simu iliapa kuwa tuko katikati ya shamba la jirani. Simu ikashindwa kesi.

Ndipo ikaamuliwa: mnunuzi atembee, watoto wahesabu, wazee washuhudie. Hatua thelathini za mwanzo nilikwenda kiungwana. Kisha nikaona upande ule unateremkia bondeni kwenye migomba mizuri, na kwamba kila sentimita ya paja langu ni mgomba. Nikaongeza. Nikaongeza tena. Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma, na kwa upande wangu mahali pa mauti walipaonyesha kwa usahihi wa kutisha.

Tukifikiri kazi imekwisha, tukakumbushwa miti. Pwani, ardhi na mti ni mali mbili. Mtu anaweza kuwa na minazi kwenye shamba ambalo si lake, akairithisha, akaiuza, na mwenye shamba akawa anailimia chini yake tu. "Shamba nakuuzia mimi," alisema Mzee. "Mikorosho ile ya dada yangu." Kwa hiyo msimu ukifika, kuanzia Oktoba, shangazi nisiyemfahamu atakuja alfajiri na ndoo na wajukuu kuokota korosho chini ya dirisha langu la chumbani, na mwenye kuomba radhi kwa kelele nitakuwa mimi, kwa kujenga chini ya mikorosho ya watu.

Kisha ofisi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ofisi. Nimesoma kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na kwamba ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, na juu yake kuna mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo mgeni hanunui udongo. Anaomba kijiji kimpokee, ndipo apate haki ya kuutumia. Wazo hilo lilinigusa. Nilijiona nimesimama mbele ya wazee ishirini na watano, naulizwa kama nina ugomvi na majirani, kama nahudhuria misiba, kama mbuzi wangu nitawafunga kamba. Nilikuwa na majibu mazuri.

Hakuna aliyeniuliza. Nilichoulizwa ni asilimia kumi.

Asilimia kumi ya bei, ili karatasi ya mauziano ipigwe muhuri. Nikauliza ni ya kifungu gani. Nikajibiwa kwamba hilo si la kifungu, ni utaratibu. Nikauliza risiti. Utaratibu hauna risiti. Na hapa nacheka mdomo tu, maana nimeshaona hesabu inavyokwenda. Dalali wangu ana chake, dalali wa upande wa Mzee ana chake, kijana wa bodaboda aliyetuvusha bondeni anadai ya kuonyesha njia, ofisi ina kumi yake, ndugu wa Mzee wana mafungu yao, na aliyeilima ardhi ile tangu utotoni anabakiwa na bei ya pikipiki. Pikipiki yenyewe ameshaipangia: ni ya mjukuu mkubwa, akapige bodaboda Gongo la Mboto, apange chumba hukohuko. Mimi natoka mjini nije nikae kwenye kivuli chake. Yeye anakwenda mjini akale vumbi nililolikimbia. Atakayekwenda pale baada ya miaka michache atakuta ukuta wangu una vigae na kijana yule anapanga bado. Hilo nalo litaitwa maendeleo.

Maeneo mengine niliyoonyeshwa nitayapitia haraka. Kerege, upande wa Bagamoyo, kisima cha jirani kilitoa maji yanayofaa kuchemshia mihogo bila kuongeza chumvi. Vikindu, shamba langu la kijijini lilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta. Chanika, kigodoro kilianza Ijumaa, na nilipoondoka Jumapili mpigaji alikuwa bado anajaribu spika. Soga, treni ya SGR inasimama kweli tangu 2024, na dalali alinihesabia honi yake kati ya huduma za jamii. Dalali mwingine aliniahidi ekari Masaki, nikawatangazia wakwe; ilikuwa Masaki kweli, ya Kisarawe, mbali na balozi zote.

Kote huko nimejifunza kwamba hakuna dalali anayeuza kijiji. Anauza mji ambao haujafika. Ukimwambia unataka utulivu, anakuonyesha nguzo za umeme. Ukimsifia miti, anakuhakikishia kwamba itakatwa. "Bosi, maji ya Ruvu yalifika Kisarawe mjini mwaka 2020. Huku ni suala la muda. Barabara inapita hapa hapa uliposimama. Mji unakuja." Bei ya ekari haina uhusiano na mihogo inayoota juu yake, inafuata uvumi wa lami. Sensa ya 2022 ilihesabu Dar es Salaam watu zaidi ya milioni 5.3, na nina hakika kila mmoja wao ana namba ya dalali huyu. Nilimwambia kwamba mji huo anaonitishia nao ndio ninaoukimbia. Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Basi nunua haraka, bosi, kabla haujafika."

Kabla hatujaagana, mwenyekiti akafungua daftari la michango, maana nikishalipia nitahesabiwa mkazi. Kulikuwa na zahanati, kulikuwa na madawati, kulikuwa na Mwenge, na kulikuwa na barabara: changarawe kutoka njia kuu hadi mwembeni, na kalavati la pale bondeni ili malori yapite hata masika. Wanakijiji wanaitaka barabara hiyo kwa moyo wote. Wanataka malori, wanataka daladala, wanataka taa na mabango. Kila nilichokikimbia kimo kwenye daftari, kimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu.

Nilikuwa na hotuba. Nilitaka kuwaambia kwamba wanachokiomba kitawaondoa mmoja mmoja, kwa bei ya pikipiki, mpaka mwembe ule uwe stendi. Ila gari langu lilikuwa ng'ambo ya bonde hilohilo, limezama kwenye mfinyanzi hadi kwenye pleti namba, na vijana wanne walikuwa wameshataja bei ya kulisukuma. Nikaandikisha mifuko kumi ya saruji kwa ajili ya kalavati, na kumuuliza mwenyekiti kama haiwezekani lianze kabla ya wiki kwisha.