Waliorudi Mezani: Jaribio la Kuainisha

Upasuaji wa kupunguza uzito umeandikiwa mengi na madaktari na machache mno na mashangazi, ingawa kwa saa za uchunguzi mashangazi wanaongoza kwa mbali. Makala haya yanajaribu kuziba pengo hilo. Anayechunguzwa ni mtu aliyekwisha kukatwa utumbo, kama wasemavyo Dar es Salaam hata pale ambapo utumbo wenyewe haukuguswa, kisha akarudi kukatwa tena. Kitaalamu tutamwita Mrudiaji. Mteja wa puto la tumboni la Hospitali ya Mloganzila hayumo katika uchunguzi huu: puto huingizwa kwa mdomo na kutolewa kwa mdomo, mshono hakuna, na pasipo mshono ukoo hukosa cha kujadili.

Tuanze na asili. Nadharia iliyoenea katika kumbi za shughuli ni kwamba Mrudiaji amezaliwa na ulafi. Kumbukumbu za tiba zinasema vingine. Katika miaka ya 1950 madaktari wa upasuaji wa Marekani walianza kuunganisha utumbo mwembamba kwa mkato, chakula kikaruka sehemu yake kubwa. Wagonjwa walikonda kweli. Pia waliharisha bila kikomo, wakapata mawe kwenye figo, na wengine ini likaharibika. Wengi wakarejeshwa chumba cha upasuaji ili utumbo uunganishwe kama ulivyokuwa. Kwa hiyo Warudiaji wa mwanzo kabisa walirudi kwa sababu upasuaji ndio uliowashinda, na hakuna kumbukumbu kwamba mtu alimwita yule mpasuaji mlafi. Mwaka 1966, katika Chuo Kikuu cha Iowa, Edward Mason na Chikashi Ito walijaribu njia nyingine: kugawa tumbo, sehemu ndogo ya juu ikaunganishwa moja kwa moja na utumbo. Mason alikuwa ameona kwamba wanawake waliopunguzwa tumbo kwa sababu ya vidonda hawanenepi kirahisi. Ndiyo asili ya baipasi tunayoisikia leo.

Sasa aina zenyewe.

Mrudiaji wa Pete alifungwa pete ya silikoni juu ya tumbo, ikawa inakazwa kwa kudungwa maji ya chumvi kupitia kitufe kilichofichwa chini ya ngozi. Marekani iliiruhusu mwaka 2001 na ikapendwa sana, mpaka pete zikaanza kuteleza, na nyingine kulila tumbo zikaingia ndani. Mrudiaji huyu hutambulika kwa kujua choo kiliko katika kila ukumbi kabla ya kujua meza yake iko wapi. Jamii humsamehe upesi kuliko wenzake wote, maana kifaa kikiharibika kila mtu anaelewa.

Mrudiaji wa Kiungulia ni kiumbe wa kusikitisha zaidi. Huyu tumbo lake lilikatwa zaidi ya robo tatu likabaki mrija mwembamba. Mrija ule una shinikizo kubwa, na kwa baadhi ya watu tindikali hupanda mpaka kooni. Analala ameegemea mito mitatu kama mgeni rasmi. Dawa zikishindwa, mara nyingi hushauriwa mrija ugeuzwe baipasi. Tatizo lake la kijamii ni kwamba anarudi kisuni akiwa bado mwembamba, na ukoo haujawahi kupata kanuni ya kumhukumu mtu mwembamba. Unabaki kuuliza tu: “Sasa hii ya nini, na wewe umeshakonda?”

Wa tatu ni Mrudiaji wa Kilo, na hapa naomba msomaji avute kiti, kwa sababu hakuna aliyeonewa kama huyu. Alipungua, akapongezwa, akashona nguo mpya, kisha kilo zikaanza kurudi moja moja. Utafiti mkubwa wa Uswidi ulioanza mwaka 1987 ulifuatilia maelfu ya watu kwa miaka mingi. Kwa wastani, uzito ulifika chini kabisa ndani ya mwaka mmoja au miwili, kisha sehemu yake ikapanda tena kabla ya kutulia. Ndivyo ilivyokuwa kwa kila aina ya upasuaji waliyoipima. Mwili uliopungua hutumia nishati kidogo kuliko zamani na hupiga kelele za njaa, na kelele hizo ni homoni, hazisikii mahubiri. Lakini iliyo tamu kuliko zote ni historia ya mrija. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mrija ulikuwa hatua ya kwanza tu ya upasuaji wa hatua mbili, uliopangiwa watu wazito mno wasioweza kuvumilia vyote siku moja. Wengine walipungua vya kutosha kabla ya hatua ya pili, madaktari wakafurahi, na hatua ya kwanza ikageuka upasuaji kamili. Kwa hiyo mtu wa mrija anayerudi kwa ajili ya baipasi anamalizia kazi iliyoachwa njiani na waliomtangulia kuipanga. Hoja hii nimeiwasilisha mbele ya jopo la mama wakubwa wawili na wifi mmoja. Haikupita.

Wapo pia wa mseto, waliopitia pete, wakaenda mrija, wakaishia baipasi. Hao hawahitaji mtafiti, wanaweza kufundisha.

Mgawanyo mwingine, ambao wataalamu wa ukumbini hawaujui kabisa, ni kati ya Mrudiaji mwenye ripoti na asiye nayo. Wengi wa kwetu walikatwa India au Uturuki, wakarudi na sanduku la zawadi na karatasi ya dawa. Miaka ikipita, daktari wa pili anauliza wa kwanza alifanya nini hasa, na jibu linakuwa “alinikata tumbo.” Kabla ya kugusa kitu atataka kamera ishuke kooni, picha za eksirei za dawa nyeupe ya kunywa, mtaalamu wa lishe na mtaalamu wa saikolojia. Ana haki ya kuogopa. Ndani kuna makovu, viungo vimegandana, na hatari ya mshono kuvuja ni kubwa kuliko mara ya kwanza. Homa, moyo kwenda mbio au maumivu makali ya tumbo katika wiki za mwanzo ni safari ya hospitali usiku huohuo, si ya kusubiri kukuche. Tena aliyerudi kwa sababu ya kilo kwa kawaida hupungua kidogo kuliko mara ya kwanza. Jambo hili lingepaswa kuelezwa kwa sauti kubwa kabla ya kulipia, na siku hizi liambatane na swali kama sindano za semaglutide zisingetosha.

Baada ya kisu cha pili huja shughuli, na shughuli ndiyo maabara yetu. Kifuko kipya cha baipasi hubeba kama mililita 30 hapo mwanzo, yaani vijiko viwili vya mezani. Sinia la pilau halina habari na vijiko viwili. Wachunguzi waliopo ukumbini wanagawanyika hivi.

Wapakuaji hupima upendo kwa mwiko. Mazungumzo yao yamerekodiwa mara nyingi:

“Mwanangu, mbona hujala?”

“Nimekula, shangazi.”

“Nimekuona. Umechezea tu. Basi kunywa juisi hiyo.”

Na juisi ndiyo balaa. Sukari ikimiminika utumbo mwembamba kwa kasi, ndani ya nusu saa Mrudiaji anatokwa jasho, moyo unadunda, tumbo linanguruma, anatafuta pa kulala. Wengine hupigwa awamu ya pili baada ya saa moja hadi tatu, sukari ya damu inaposhuka. Shangazi akiona jasho huhitimisha kwamba ni njaa, na kupakua tena.

Wakaguzi hawasemi, hutazama viuno. Bingwa wao ni msusi. Kuanzia mwezi wa tatu hivi baada ya kisu nywele hunyonyoka, na yeye hujua siri ya upasuaji kabla ya mume wa mtu. Kwa wengi nywele huota tena kama protini inaliwa ya kutosha, lakini msusi hana subira na sayansi, atashauri mafuta ya nazi.

Hapa niweke jambo la chai, maana limewaponza wengi. Vidonge vya madini ya chuma havipatani na chai, wala havimezwi pamoja na kalisi. Kati ya chuma na kalisi ziachwe saa mbili au zaidi. Ongeza B12 na vitamini D, ongeza maji yasiyonywewa pamoja na chakula bali nusu saa baadaye, na katika nyumba inayochemsha chai asubuhi, saa kumi na usiku, Mrudiaji anahitaji ratiba kama ya treni. Akitapika mfululizo kwa siku kadhaa asijitibu kwa tangawizi: upungufu wa vitamini B1 huweza kudhuru ubongo, na hilo ni la daktari, haraka.

Wa mwisho ni Mahakimu. Hawa hukaa meza ya nyuma na hutoa hukumu moja tu: “Si alishakatwa huyu? Kashindwa kujizuia mdomo.” Mwakilishi wao mkuu ni yule wifi wa jopo. Kuainishwa kwake kumeahirishwa, kwa kuwa wiki iliyopita, saa tano usiku, alimwandikia Mrudiaji wetu WhatsApp akiomba namba ya daktari, na akataka kujua kama wanapokea malipo kwa awamu.