Mvumo Uliohamia Sebuleni

Studio ya mtaani kwetu ilipofungwa, Baba Watoto alinunua raki yao ya chuma pamoja na ampulifaya na mikisa iliyokuwamo. Alitaka kurekodi kwaya ya jumuiya kabla ya Pasaka. Raki ikawekwa sebuleni, ikapewa umeme wa soketi ya mlangoni. Kompyuta ikabaki dirishani na soketi yake, ikaunganishwa na mikisa kwa waya wa sauti. King'amuzi nacho kikaunganishwa kwenye mikisa, ili mama mkwe asikie taarifa ya habari vizuri.

Alipowasha tu, spika zikavuma. Ulikuwa mvumo mzito usiopanda wala kushuka. Wanakwaya walikuja wakaondoka bila kurekodi. Mama mkwe akasema hawezi kusali ndani ya mashine ya kusaga.

Akaitwa fundi wa jirani. Akafungua plagi ya eksitensheni ya raki, akakata waya wa kijani na njano, akaifunga. Mvumo ukafifia! Mama mkwe akamwandalia chai na vitumbua. "Huo waya wa ethi ni wa ziada tu, mama," fundi akasema.

Waya ule si wa ziada hata kidogo. Waya wa moto ukichomoka ndani ya ampulifaya na kugusa bati lake, ethi huupa umeme njia ya kurudi haraka, fyuzi ikaungua au swichi kuu ikakata. Pasipo ethi, bati hukaa na volti 230 likimngoja atakayeligusa. Hata vifaa vizima huvujisha umeme kidogo kwenye bati, na ethi ndiyo huuondoa.

Raki yetu iliendelea kusalimika kwa sababu moja: ilishika ethi ya vifaa vingine kupitia wavu wa nje wa nyaya za sauti. Baba Watoto alipochomoa nyaya zote za sauti ili azipange upya, huku raki ikiwa bado kwenye umeme, kinga hiyo ikaisha. Binti yetu alikuwa anapiga deki, miguu mitupu, sakafu imelowa. Akaegemeza mkono kwenye raki. Ukelele wake ulitutoa jikoni mbio. Tulimkuta mzima, mkono ukimtetemeka, maji ya ndoo yameingia hadi chini ya kochi. Mama mkwe akamkumbatia. "Afadhali livume," akasema.

Jioni akaja shemeji, ambaye umeme ndiyo kazi aliyoisomea. Alichomoa raki kwanza, akaurudisha ule waya, kisha akatukalisha.

"Shemeji, ethi haina kosa. Kosa ni kufika ardhini kwa njia mbili."

Raki ilikuwa inafika ardhini kwa soketi ya mlangoni, na tena kwa waya wa sauti, kompyuta na soketi ya dirishani. Njia hizo zilifanya duara. Nguvu ya sumaku inayotoka kwenye nyaya za umeme za nyumba huamsha mkondo katika duara kama hilo, nao ukipita kwenye wavu wa waya wa sauti, spika huutoa. Umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na sauti ya kasi hiyo ndiyo ule mvumo. Dishi la paani, lenye nondo yake ya ethi, lilitengeneza duara jingine kupitia king'amuzi.

Dawa yake ilikuwa ya utulivu. Raki na kompyuta vikahamishiwa soketi moja. Shemeji akakwangua rangi ya raki mahali pa boliti, akafunga waya mnene wa ethi kwenye chuma kitupu. Nondo ya dishi akaiunganisha na ethi kuu ya nyumba. Kati ya king'amuzi na mikisa akaweka transfoma ndogo ya sauti, inayopitisha sauti kwa sumaku bila shaba ya upande mmoja kugusana na ya upande wa pili. Nyaya za sauti akazitenga na za umeme. Spika zikanyamaza, na kwaya ikarekodi.

Ndugu msomaji, spika zako zikivuma, chomoa waya mmoja mmoja wa sauti hadi ujue duara liko wapi, kisha ulivunje upande wa sauti. Waya wa kijani na njano usimruhusu mtu yeyote aukate, hata akiwa na koleo mkononi na sifa mtaa mzima.