Kuni za Fahari

Yapo majonzi ambayo hayakupangiwa matanga, na mwenye kuyapata hana jamvi la kuketi apokee mkono wa tanzia. Na miongoni mwa hayo nayahesabu majonzi ya mtu apendaye mbao, anapoketi mbele ya mafiga na kuushuhudia mti ulioota kabla babu yake hajaoa ukigeuka jivu ili maharage yaive. Sisemi kwamba maharage hayana haki ya kuiva. Mimi mwenyewe huyala, na aghalabu huwa wa kwanza kuuliza kwa nini yamechelewa. Walakini moyo wa mtu ni kichaka, na katika kichaka changu wanaishi watu wawili wasiosalimiana, mmoja mlaji, na wa pili mtu ambaye akiona ubao wa mninga uliopigwa randa hushusha sauti kama aliyeingia msikitini.

Uadui wa wawili hawa ulidhihirika katika harusi ya binti ya shangazi yangu, hapa Tanga. Pilau ya harusi kwetu hupikwa uani, katika masufuria ambayo mtoto aweza kuogea ndani yake, na moto wake hutakiwa uwe wa kuni zenye subira, si za vijiti vinavyowaka kwa kishindo na kuzimika kabla nyama haijalainika. Basi shangazi, ambaye ni mwanamke wa hesabu na hanunui kitu kinachoweza kuombwa, alikwenda kwa seremala wa jirani akaomba mabaki ya karakana. Na seremala yule, kwa ukarimu ambao adabu hainiruhusu kuulaumu, alimpelekea mkokoteni mzima.

Mimi nilikabidhiwa kazi ya kuzipanga kuni hizo, na huo haukuwa uteuzi wa busara. Mulikuwa na mninga wa hudhurungi, wenye michirizi iliyopinda na kupindua kana kwamba mti ulibadili nia ulipokuwa ukikua; mulikuwa na mkongo; mulikuwa na vipande vya msaji, bila shaka wa shamba la Longuza kule Muheza, vikinukia mafuta yake bado; na chini ya yote, umeegemezwa kwenye figa tayari, ukiwa umekwisha pakwa masizi ubavu mmoja, palikuwa na mguu wa kitanda wa mpingo, ambao fundi aliukereza mpaka nusu ukapasuka, akautupa. Niliuchukua nikaugeuza juani. Nje ulikuwa na ganda jeupe lenye unene wa kidole, na ndani ulikuwa mweusi, lakini weusi ambao ukiutazama kwa subira hukufunulia zambarau iliyojificha. Na pale palipopita patasi ya kerezo paling'aa bila ya kutiwa rangi wala nta.

Msomaji anajua kwamba mpingo hauna haraka. Hupita miaka 70 na zaidi kabla haujawa mti wa kumfaa fundi, nao ukishakuwa, Mmakonde huuchongea vinyago, na watu wa Ulaya huukereza klarineti na obo. Mguu ule, lau ungalisalimika na ufa na kuangukia mikono mingine, pengine leo ungalikuwa ukipulizwa mjini Vienna na bwana aliyevaa koti jeusi. Badala yake ulikuwa ukingojea kupulizwa na shangazi yangu, tena kwa mdomo wake mwenyewe, ili moto ushike.

"Mwanangu, rudisha ukuni huo," akasema.

"Shangazi, huu si ukuni, huu ni mpingo."

"Basi ni ukuni wa mpingo. Rudisha."

Nikaona kwamba hoja za maneno hazitafaa, na kwamba inapasa kuleta ushahidi. Mbao nyingi huelea, lakini mpingo ukitiwa majini huzama. Na kwa kuwa karibu yangu palikuwa na beseni kubwa la maji, niliinua mguu ule mbele ya halaiki ya wanawake na kuuachia. Ukazama, barabara kama nilivyoahidi. Kwamba chini ya maji yale mulikuwa na mchele uliorowekwa tangu alfajiri, na kwamba masizi huachana na kuni upesi sana yanapokutana na maji, ni mambo ambayo hayakupunguza hata chembe ukweli wa dai langu. Lakini wapishi, ambao walilazimika kuuosha mchele upya, na ambao kanga zao zilikuwa zimerowa, hawakuwa katika hali ya kupokea elimu. Nilitolewa uani pamoja na ushahidi wangu.

Jioni shangazi alinifuata. Mkononi alikuwa na chetezo, akienda kumfukiza bibi harusi, akasimama mlangoni nilipokuwa nimeketi, akaniacha nijifukize kanzu yangu kama ilivyo ada, kisha akaniuliza kwa upole, na upole wa shangazi yangu ndio wa kuogopwa: "Na udi huu je, si mti?"

Sikupata jawabu. Udi ni mti, tena umetoka mbali, Bara Hindi na nchi za mashariki yake; ni mti uliougua moyoni ukatoa utomvu wa kujitetea, kwani ulio mzima haunukii; huuzwa kwa kupimwa vipande vidogo kwa bei ya vito, na ulio bora nao huzama majini, jambo ambalo sikuthubutu kulitaja tena siku ile. Mti huo watu huununua ili wautie motoni, na katika maisha yangu yote sijaulilia. Nimeinua kanzu tu, nikafumba macho.

Tangu hapo nimeichunguza huruma yangu na kuiona ina upendeleo wa ajabu. Gunia la mkaa likiteremshwa mlangoni, sijapata kuuliza nasaba ya aliyemo. Tanuri huwasawazisha wote, mninga na mkongo, bora na hafifu, kwa weusi mmoja (mpingo peke yake huingia humo ukiwa umetangulia kuwa mweusi), nami hupepea jiko kwa moyo safi kabisa. Kumbe siulilii mti. Naililia michirizi, na nisipoiona sina msiba.

Hata hivyo vile vipande vizuri nilivihamisha usiku ule vikaja kwangu, navyo vikapata makao katika uvungu wa kitanda. Mke wangu aliuliza, "Baba watoto, uvungu huu ni wa masanduku au ni hifadhi ya msitu?" Nikamjibu kwamba nitavitengenezea kitu. Dumuzi nao wakaanza kutengeneza chao: sehemu nyeupe za mninga wamezibungua zote, na kila asubuhi huacha vichuguu vidogo vya unga sakafuni, ila kiini hawakukigusa, kwa kuwa dumuzi wana heshima fulani ambayo shangazi hana. Kisha ikaja masika, mkaa ukalowa, wageni wakabisha hodi, na mke wangu akaingia uvunguni bila ya kuomba ruhusa. Msaji ulishika moto upesi mno. Chai ilichemka kabla wageni hawajamaliza kuulizana hali, nami niliinywa kwa huzuni kubwa, nikaomba kikombe cha pili.

Mguu wa mpingo ungalipo. Ikiwa miongoni mwa wasomaji yuko fundi mwenye kerezo, anayeweza kutoa mchi mdogo wa kutwangia iliki katika mpingo wenye ufa wa upande mmoja, namsihi afike kwangu mapema. Kwani shangazi ana binti wa pili, posa yake imekwisha kubaliwa, na jana aliniuliza kama zile kuni nzuri bado ninazo.