Jinsi ya Kulisha Friji: Mwongozo kwa Mwenye Duka Mgeni wa Kitengela

Umepata kijiduka kando ya barabara ya Namanga, umelipa gudwili bila kupewa risiti, na rafu zimejaa unga, sabuni na mikate. Imebaki kazi moja tu: kuhakikisha faida yote inaishia kwenye mita. Waliokutangulia, kuanzia Noonkopir hadi Kajiado mjini, walihitaji miaka kujifunza hayo. Wewe fuata hatua hizi, na mwezi hautaisha kabla hujawafikia.

Hatua ya 1: Pokea friji ya bure

Siku moja pikapu itasimama mlangoni na vijana wenye fulana zinazofanana watashusha friji ya mlango wa kioo, ndefu kukuzidi, yenye taa kichwani. Masharti ni mepesi: usiweke ndani kinywaji cha kampuni nyingine. Tia sahihi haraka. Wahenga walisema rahisi ni ghali, lakini wahenga hawakuwahi kushushiwa friji. Hapa Umaasaini hata mtoto akipewa ndama huuliza atalishwa wapi. Wewe usiulize.

Usigeuze hata upande ule wenye kibandiko cha wati, maana ukikisoma utaanza hesabu, na hesabu huharibu furaha. Tuseme friji ni ya wati 400 na mtambo wake unanguruma nusu ya siku. Hizo ni yuniti 4.8 kila siku, tuite 5. Bei ya yuniti hubadilika mwezi hadi mwezi, kwa hiyo tukadirie Sh 28 pamoja na tozo zote. Friji yako inakula Sh 140 kwa siku, Sh 4,200 kwa mwezi. Kama faida yako kwa soda moja ni Sh 10, chupa 14 za kwanza kila asubuhi si zako. Ni za friji. Wewe unaanza kuuza chupa ya 15.

Hatua ya 2: Iweke mahali itakapoteseka

Pahali pazuri ni mlangoni, upande unaotazama machweo, ili jua la saa tisa liipige kifuani na wapita njia waione. Kisha isukume nyuma hadi iguse ukuta. Friji haitengenezi baridi. Inachota joto lililo ndani na kulitupa nje, kupitia zile nyavu zilizo nyuma au chini yake. Ukiinyima nafasi ya kupumua, joto hilo litarudi lilikotoka, na mtambo utafanya kazi mchana kutwa bila kwenda popote, kama matatu iliyokwama kwenye foleni ya Athi River injini ikiwa inawaka.

Vumbi nalo usiliguse. Kitengela inalo la kutosha: kiangazi hutimuka kutoka kila barabara ya ndani, na malori ya saruji huongeza lao. Likishalala kwenye nyavu, friji inakuwa imevaa blanketi. Watu wasio na kazi huzima friji mara moja kwa mwezi na kupitisha brashi, dakika kumi tu. Wewe ni mtu wa biashara, huna dakika kumi.

Kuna wengine hubana noti ya Sh 50 kwenye mlango wa friji, wakaivuta. Ikitoka bila ubishi, mpira wa mlango umechoka na baridi inavuja usiku kucha. Usijaribu mchezo huo. Noti yako ya hamsini ina safari: inakwenda kununua tokeni.

Joto linalotupwa na friji litafanya duka liwe tanuri chini ya mabati. Hapo nunua feni. Feni itakupoza wewe uliyechomwa na friji inayochomwa na jua, na wote watatu mtakula kwenye mita moja kama ndugu. Asiyependa undugu huo hupaka mabati rangi nyeupe na kutandaza turubai mlangoni.

Hatua ya 3: Changanya soda na mtindi

Hii ndiyo siri kuu ya mwongozo huu, isome mara mbili.

Soda haiharibiki kwa kukosa baridi. Ukifunga duka saa nne usiku na kufungua saa kumi na mbili asubuhi, chupa zinaweza kulala saa nane bila stima na zisilalamike. Kuna hata vifaa vidogo vya kuchomeka ukutani vyenye saa, vinavyozima na kuwasha vyenyewe. Hatari ni kwamba ukikigundua kifaa hicho, friji italala na njaa.

Dawa yake ni kuweka pakiti mbili za mtindi katikati ya soda. Na soseji moja. Mtindi hauwezi kulala nje ya baridi, na mteja akiumwa tumbo mtaa wote utajua. Kwa hiyo friji nzima, chupa mia mbili na taa ya kichwani, itakesha ikiwalindia wateja wawili mtindi wao. Mwenye ATM ya maziwa hana ujanja: maziwa ni maziwa, yanataka baridi usiku na mchana, na stima yake ni sehemu halali ya bei ya maziwa. Lakini wewe una friji ndogo ya zamani nyumbani ambayo ingetosha mtindi na soseji. Iache huko huko iendelee kuhifadhi sukuma wiki.

Hatua ya 4: Kaa gizani

Mwenye duka mwerevu huokoa stima anayoiona. Zima taa. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 14 hula Sh 3.50 hivi. Ukiizima utakuwa umeokoa robo ya bei ya mandazi, na wateja wakipita jioni watadhani umefunga. Nyuma yako, kwenye giza hilo, friji itanguruma kwa furaha.

Kadhalika, shosho akija na simu imezima, akakuomba, "Mwanangu, nichajie kidogo nipigie watu wa Isinya," mwambie stima imepanda. Simu moja kujaa ni kama senti 40. Ataondoka, na unga wa mwezi ujao atanunua kwa jirani. Hasara ya senti 40 umeiepuka.

Hatua ya 5: Usisome mita, usiulize mwenye ploti

Katika ploti nyingi kuna mita moja kubwa ya Kenya Power na vijimita vya mwenye ploti. Yeye ndiye hukupangia bei ya yuniti. Usimwombe akuonyeshe bili. Bei za stima hupangwa kwa madaraja ya matumizi: anayetumia kidogo, chini ya yuniti 30 kwa mwezi, hulipa bei ya chini, na anayepita 100 hulipa ya juu. Maduka matano yakikaa nyuma ya mita moja, hata kinyozi mwenye mashine moja hupanda daraja la wakubwa. Kuomba mita yako mwenyewe kunahitaji fomu, fundi mwenye leseni na subira. Kulipia ya watu watano kunahitaji simu tu.

Ukifanikiwa kupata mita yako, tokeni itakuja na tarakimu 20 na mchanganuo mrefu usiopaswa kusomwa. Humo mna gharama ya mafuta, marekebisho ya dola, tozo ya stima ya mashambani na VAT ya asilimia 16. Mna pia tozo ya maji, ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kwa yale yanayozungusha mitambo kwenye mabwawa. Ndiyo, Kitengela, ambako maji huja kwa bauza na mfereji ni hadithi ya wazee, stima yako inalipia maji. Cheka, kisha weka tarakimu.

Mtu makini angeandika yuniti zinazosomeka kwenye mita kila Jumapili jioni kwenye daftari la madeni. Baada ya wiki mbili angejua friji inakula nini, maana angeizima siku moja na kulinganisha. Lakini daftari la madeni limejaa.

Hatua ya 6: Stima ikipotea, hangaika

Kaunti yetu ina heshima zake. KenGen ina mitambo ya upepo juu ya vilima vya Ngong, na tangu 2021 kampuni ya Kipeto inaendesha mingine 60, megawati 100 hivi. Upepo wa Kajiado unawasha taa za nchi. Upepo huo huo ukizidi, nyaya za mtaani kwako hugongana na giza linaingia.

Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani kwa pamoja, na wengi waliamka bado hakuna stima. Usiku kama huo, fungua friji kila nusu saa uangalie kama bado kuna baridi. Friji iliyofungwa hutunza baridi yake saa kama nne. Ukiichungulia vya kutosha utaimaliza kabla ya taarifa ya habari. Au washa jenereta ya petroli, inayoweza kumeza nusu lita au zaidi kwa yuniti moja. Piga hesabu kwa bei ya petroli ya leo. Au usipige.

Hatua ya 7: Nunua sola kwanza, pima baadaye

Mwishowe atakuja kijana na picha za paneli. Atakuuzia lile jua lililokuwa likichoma friji yako bure. Usimwulize leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA, na usirekebishe chochote kwanza. Friji yenye mpira uliochoka na blanketi la vumbi inahitaji paneli nyingi na betri kubwa, na hayo ndiyo maendeleo.

Umefuzu. Ila nikuonye juu ya mtihani mmoja, ambao wanafunzi wangu wengi wazuri huanguka.

Mtihani huo utakuja Julai. Kitengela itakuwa na ule ubaridi wa asubuhi usiotoka hadi saa sita. Mteja ataingia amejikunyata ndani ya koti, mikono mfukoni, aseme, "Bosi, nipe soda."

Utauliza kama tunavyouliza wote: "Baridi ama moto?"

"Moto."

Utainama, utachomoa chupa kwenye kreti chini ya kaunta, iliyokaa hapo wiki nzima bila kula hata senti. Atalipa bei ile ile anayolipa wa baridi. Utashika pesa, na katika ukimya huo utaisikia friji ikinguruma nyuma yako, usiku na mchana, ikipoza kitu ambacho hujawahi kukiandikia bei.

Hapo mkono wako utatamani kwenda kwenye soketi. Ukiuacha uende, basi mwongozo huu haukukufaa.